Kadi Iliyosafiri Ndani ya Kahawa

Dealul Nou
Alhamisi, 20 Novemba 2025

Mama mpendwa,

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, na zaidi ya wote sijamwambia Bibi. Juzi kule kliniki Chișinău hawakuahirisha upasuaji wake. Hiyo ya kuahirishwa niliitunga mimi, nimesimama mbele ya dirisha la mhasibu, na watu kumi na wawili nyuma yetu. Niliwahesabu.

Bibi alikuwa tayari tangu alfajiri. Alivaa kilemba chake cheupe cha kanisani na alikuwa ameosha miguu kana kwamba mtoto wa jicho anatolewa kwenye kidole cha mguu. Chupa ya mvinyo ya daktari aliishika mapajani njia nzima, hakutaka niiweke chini. Tulipofika kwa mhasibu nikatoa kadi yako. Yule dada akaichomeka, akaniambia nibonyeze namba ya siri, nikabonyeza. Mashine ikakataa. Akasema nirudie. Nikarudia. Akaniangalia mimi, akamwangalia Bibi, kisha akashusha sauti, "Dada yangu, humu hamna kitu."

Bibi akauliza amesema nini. Nikamwambia daktari ana mafua. Akasikitika sana, akasema apakwe mafuta ya bata bukini kifuani, na akanilazimisha tuache ile chupa ya mvinyo kwa ajili ya mafua yake. Tukaiacha. Yule dada aliipokea bila kuuliza.

Wametupa tarehe nyingine, 16 Desemba. Lei elfu kumi na nane zote ziwe zimelipwa kabla ya hapo. Usiniulize kwenye simu. Wewe mwenyewe ulisema mambo ya pesa tuyaandike, kwa kuwa binti wa Signora Ines, huyo mzee unayemtunza, husikiliza unapoongea, na mimi unajua kwenye simu huwa napumua tu.

Kadi ilikuwa pale pale tunapoiweka, nyuma ya picha ya Mtakatifu Nikolai. Sijui imekuwaje.

Bibi hajambo. Jana aliweka chumvi mara mbili kwenye supu kwa sababu hakuona kama ameshaweka. Tukainywa.

Binti yako,
Otilia


Padova
Jumapili, 23 Novemba

Mwanangu Otilia,

Barua yako nimeisoma nimesimama katikati ya maboksi, hapa uwanjani ambapo mabasi madogo ya vifurushi vya nyumbani yanaegesha, na mwanamke mmoja wa kwetu, wa Soroca, akaniletea kiti. Alidhani nimepata habari ya msiba. Nikamwambia ni njaa tu.

Nimepiga simu benki hapo hapo. Wamenisomea kilichobaki: lei arobaini na sita. Zimetoka tarehe 9 Novemba, Jumapili, kwa mara mbili, na baada ya hapo hakuna kilichoguswa. Nikauliza zimekwenda wapi. Yule kijana akasema habari hiyo anapewa mwenye akaunti tu, afike mwenyewe na kitambulisho. Nikamwambia mwenye akaunti yuko Padova anamwosha kizee wa watu mgongo. Akasema anaelewa. Hakuelewa. Kadi wameifunga, angalau hilo limefanyika.

Miezi saba, Otilia. Miezi saba nimeweka pesa hizo ili mama yangu auone uso wako kabla hujawa mtu mzima.

Nami nina langu la kukiri, maana wewe umenitangulia. Ile kadi mwezi Agosti niliondoka nayo kwa bahati mbaya kwenye pochi. Nilipoirudisha Septemba niliifunga kwenye bahasha ndani ya pakiti ya kahawa, na ile namba ya siri nikaiandika kwenye kikaratasi, nikakitia kwenye bahasha hiyo hiyo. Niliogopa mtaisahau. Basi kadi na namba yake vilikaa pamoja njia nzima, usiku mbili, kwenye basi la vifurushi la Ghenadie. Simsemi mtu. Naandika tu ilivyokuwa.

Niambie kweli: nani ameingia jikoni kwetu? Kadi mlimwazima mtu? Na ile simu yangu ndogo ya namba ya huko, iliyo rafuni chini ya picha, ililetewa meseji yoyote ya benki siku hiyo?

Bibi asijue bado. Moyo wake hautastahimili.

Na koti, unalivaa? Theluji imeanza huko. Signora alikuwa nalo miaka ishirini na halina hata uzi uliotoka. Nataka nikufikirie ukiwa ndani yake.

Mama yako,
Raisa


Dealul Nou
Alhamisi, 27 Novemba

Mama mpendwa,

Jikoni wameingia watu wale wale wa siku zote. Jirani alikuja kuomba chachu, hakupita mlangoni. Kasisi alikuja kubariki nyumba, alikunywa glasi moja. Mjomba Ghenadie huja Jumanne na kifurushi chako na Ijumaa kuchukua chetu, kama unavyojua.

Simu ndogo ilikuwa imeisha chaji siku nyingi. Sikuona meseji.

Jumanne hii Mjomba Ghenadie alibeba boksi lako hadi ndani kwa sababu ngazi ina barafu. Bibi akamkalisha, akampa pai ya kabichi, akala vipande vitatu. Aliniuliza kwa nini naangalia sakafu, kuna kitu nimeangusha? Bibi akamwambia mimi nilizaliwa natazama sakafu, hata mkunga alisema. Wakacheka. Alipotoka alimwambia Bibi kwamba akishatolewa huo mtoto wa jicho, wa kwanza atakayemwona awe yeye, ili aone jinsi alivyokuwa mwanamume mzuri miaka yote hii wala yeye hajui. Bibi alitabasamu hadi jioni.

Sijui kama ni muhimu, lakini umesema niandike kila kitu. Ile kahawa ya Septemba ilikaa kwake usiku mbili, ni kweli. Na pakiti ilikuwa imekunjwa kidogo pembeni.

Koti ni la joto sana.

Shuleni hatujambo. Mwalimu wa Kirusi amesema insha yangu ni nzuri, nije niisome mbele ya darasa. Nilimwambia nina koo. Nasoma kwa lugha mbili, Mama, na nina haya kwa lugha zote mbili.

Binti yako,
Otilia


Padova
Jumapili, 30 Novemba

Mwanangu,

Imekunjwa pembeni. Kwa nini hukuniambia tangu Septemba?

Wiki nzima sikulala vizuri, na mtu asiyelala huanza kukumbuka. Sasa sikiliza. Ile Jumapili ya tarehe 9, mimi nilimwona Ghenadie kwa macho yangu kwenye mashine ya kutolea pesa, ile iliyo ukutani karibu na baa ya uwanjani. Alisimama ameinama, kwa kiganja kimoja amefunika vitufe, huku anageuza shingo kuangalia nyuma. Nikasema moyoni, huyu anaficha nini? Nikapita. Kadi siku hizi hunakiliwa, na usiku mbili zinamtosha mtu; leo najua nilichokiona.

Halafu matairi. Ana matairi manne mapya, Otilia. Yanang'aa. Mtu aliyekuwa analia mwezi Oktoba kwamba mafuta yamepanda.

Leo nimemtega. Kwenye boksi nimeweka pakiti tano za tambi na kwenye orodha nimeandika sita. Ukipokea, mtazame. Akisema kitu, anahesabu vitu vyetu. Asiposema kitu, basi ameona mtego. Bahasha ya barua hii nimebandika unywele wangu kwenye gundi. Uutafute. Ukiwa umekatika niambie.

Kuanzia sasa barua zako usimpe mkononi. Zitie ndani ya mfuko wa maharage, katikati kabisa, kisha ushone mdomo wa mfuko kwa uzi mwekundu, mishono miwili miwili. Anaweza kuwa anazisoma. Miaka kumi na moja tumempa huyu mtu jibini letu, hati zetu, dawa za wazee, picha za marehemu, na hakuna aliyewahi kumwuliza hata risiti. Wote tumefanya hivyo. Ndiyo akili zetu zilivyo.

Usimwonyeshe uso. Mpe pai kama kawaida.

Mama yako,
Raisa

Hujanijibu vizuri kuhusu koti. Mikono si mirefu mno?


Mpakani Leușeni, kwenye foleni
Ijumaa, 5 Desemba

Dada Raisa,

Mimi si mtu wa kuandika, lakini mbele yangu kuna malori arobaini na askari wamekwenda kula.

Mfuko wenu wa maharage safari hii umeshonwa kwa uzi mwekundu, mishono miwili miwili. Sijaufungua, sifungui vya watu. Ila mikono yangu ina miaka kumi na moja ya kubeba, na maharage yenye karatasi ndani hayalii kama maharage matupu. Na wiki iliyopita ulinikabidhi boksi bila kuniangalia, na yule mwanamke wa Soroca akaniuliza matairi nimenunua wapi, na aliuliza kama hakimu. Nimenunua kwa shemeji yangu, kwa kulipa kidogo kidogo, na bado ananidai.

Kama kuna kitu chako kimepotea kwangu, niambie usoni. Usianze na uwanja. Ukianza na uwanja sitaweza kujibu, maana nitakuwa najibu watu mia.

Na jambo moja nililitaka kulisema tangu Septemba nikaona aibu, kwa kuwa si langu. Ulinipa pakiti ya kahawa. Kahawa haina kona nne ngumu. Nilijua ni kadi. Niliilalia safari nzima, chini ya mto, nisije nikaibiwa. Usifanye tena hivyo, dada, kwangu wala kwa dereva mwingine. Pesa taslimu zikipotea zinapotea zile tu. Kadi ikipotea inakwenda na zote.

Mama mzee anasema tarehe 16 anatolewa mtoto wa jicho. Nimemwahidi kumpeleka kliniki kwa gari langu dogo, bure.

Ghenadie


Padova
Jumapili, 7 Desemba

Otilia mwanangu,

Amekiri. Ameniandikia mwenyewe, kwa mkono wake, kwamba alijua ndani ya kahawa kuna kadi, kwamba aliishika, kwamba alilala nayo. Nani alimwuliza? Mtu asiye na hatia hajitetei kabla ya kushtakiwa. Barua yake nimeisoma mara nne, na kila mara naona anajaribu kujua nimefika wapi. Na hiyo ya kumpeleka mama yangu kliniki bure, anajua vizuri hakuna pesa ya kliniki. Ananicheka.

Umesema kwenye barua yako unywele ulikuwepo na kwamba aliuliza kuhusu tambi, akasema orodha imezidi moja, tusije tukadhani ameila. Unaona? Anahesabu.

Nimeamua. Jumapili ijayo, tarehe 14, ndiyo Jumapili ya vifurushi vya Krismasi. Wanawake wote watakuwepo uwanjani, hata wa Treviso na wa Vicenza. Nitapanda kwenye benchi nitasema. Sitapiga kelele, nitasema tu, na atakayetaka kumpa kifurushi chake baada ya hapo ampe. Najua ana watoto watatu. Nami nina mama kipofu.

Kwako naomba kitu kimoja. Wewe ndiye uliyeipokea kahawa ile Septemba. Niandikie karatasi moja, kwa mkono wako, useme kwamba bahasha ilifika imefunguliwa. Si lazima iwe ndefu. Mistari miwili na jina lako. Neno langu peke yangu watasema ni la mama mwenye uchungu, lakini wewe kila mtu anajua husemi, kwa hiyo ukisema wataamini.

Itume Ijumaa. Ndiyo, kwa basi lake. Basi jingine halipo. Itie kwenye maharage.

Jumanne uliponipigia simu, ulitaka kuniambia nini? Niliita halo mara tatu.

Mama yako,
Raisa


Dealul Nou
Ijumaa, 12 Desemba

Mama,

Bahasha ilifika imefungwa. Niliifungua mimi, kwa kisu cha mkate. Pakiti ilikunjwa pembeni kwa sababu niliiangusha ngazini. Hiyo ndiyo karatasi yangu, mistari miwili, na jina langu liko mwisho. Yanayofuata yasome kabla hujapanda kwenye benchi. Kama tayari umesimama juu yake, shuka.

Koti silivai. Nililivaa siku mbili mwezi Oktoba. Ni refu hadi kwenye kifundo, ni la zambarau, lina ukosi wa manyoya na linanuka vidonge vya kuzuia nondo, na darasani Snejana alisimama nilipoingia akasema, "Shikamoo Signora, magoti yanaendeleaje?" Na mwalimu akacheka, alijizuia lakini nilimwona. Tangu siku hiyo watu wananiita Signora. Nilikuwa nalificha kwenye banda la kuku asubuhi, naenda shule na sweta, nalichukua nikirudi. Wewe kila Jumapili unaniuliza kama nalivaa, na mimi najibu kwamba ni la joto, na ni kweli ni la joto, kuku wanalijua.

Basi nikaamua kuliuza. Ijumaa tarehe 7 Novemba nilipiga picha nikaliweka kwenye ule mtandao wa matangazo, lei mia tisa. Nilitaka kununua jaketi kama la wengine na kukuambia koti liliibwa. Unaona uwongo ulianza mapema.

Watu wanane walipiga simu. Sikupokea hata mmoja. Niliona namba inaita, nikaigeuza simu kifudifudi hadi iache. Wawili waliandika kwamba watakuja kuliona nyumbani, nikawafuta. Wa kumi na moja aliandika tu. Aliandika kwa Kirusi kizuri, anaitwa Larisa, au alisema anaitwa hivyo. Hakutaka simu, hakutaka kuja. Alisema yuko mbali, koti ni kwa ajili ya mama yake, atatuma mtu wa kampuni ya vifurushi, na mimi nisihangaike na kitu. Nilimjibu kwa Kirusi, akasema naandika vizuri kuliko wanawe. Mama, siku mbili nilizungumza na yule mtu zaidi ya nilivyozungumza na mtu yeyote mwaka huu. Nilimwambia kuhusu Snejana. Akasema watoto wa shule ni wakatili, binti yangu. Nilimpenda. Hilo ndilo gumu kuandika, gumu kuliko pesa.

Jumapili Bibi alikwenda kanisani, mimi nikasema kichwa kinaniuma. Larisa akaandika kwamba ameshalipa, pesa zinanisubiri, nifungue tu ukurasa nizipokee. Ukurasa ulikuwa na rangi za kampuni ya vifurushi na picha ya gari lao, na jina langu, na picha ya koti. Ukauliza pesa ziingie kwenye kadi gani. Mimi sina kadi. Nikaitoa yako nyuma ya Mtakatifu Nikolai. Niliandika namba zote za mbele, na tarehe, na zile tatu za nyuma. Kisha simu yako ndogo ikalia rafuni. Haikuwa imeisha chaji. Iliandikwa: namba ya uthibitisho, na chini yake, usimpe mtu yeyote namba hii, hata mfanyakazi wa benki. Niliisoma yote. Nikajiambia simpi mtu, naiandika tu kwenye ukurasa.

Ukurasa ukasema namba si sahihi, nijaribu tena. Ikaja nyingine, nikaiandika nayo. Ndiyo zile mara mbili.

Kisha simu ikalia mara ya tatu, na hiyo haikuwa namba, ilikuwa hesabu ya kilichotoka. Nikamwandikia Larisa kwamba nadhani kuna kosa. Akanitumia picha ya ua. Nikaandika tena, na jina lake halikuwepo. Nikaizima simu yako, nikairudisha kadi nyuma ya picha, nikapika viazi. Bibi aliporudi alisema viazi vimeungua, ananusa. Siku tisa baadaye nilimpeleka kliniki huku nikijua. Nilitumaini labda mashine ya kliniki haijapata habari.

Mjomba Ghenadie alifunika vitufe kwa kiganja kwa sababu ndivyo inavyotakiwa. Kuna bango benki linasema hivyo hivyo, na mchoro wa mkono. Nimeliona juzi.

Ndiyo, juzi Jumatano nilikwenda. Nilipanda basi la asubuhi hadi Orhei badala ya kwenda shule, nikakaa kwenye kiti cha benki hadi namba yangu ya foleni ikapita, nikachukua nyingine, nayo ikapita. Ya tatu nilisimama. Yule mama wa dirishani akaniambia niongeze sauti, hanisikii. Nikaongeza. Ukumbi wote ukasikia, na sakafu haikupasuka, nilikuwa naiangalia. Aliniuliza nina miaka mingapi, nikasema kumi na sita. Akasema mimi ni wa nne wiki hii, na wa tatu alikuwa mwalimu wa kompyuta. Alinieleza polepole kwamba mtu anayekulipa anahitaji namba ya mbele tu ya kadi. Zile tatu za nyuma, na ile inayokuja kwenye simu, ni za kutoa. Hazipokei kitu hata siku moja. Ile ya simu ni sawa na kutia sahihi yako kwenye karatasi nyeupe na kumpa mtu aandike atakacho juu yake. Nikamwuliza pesa zitarudi? Hakusema ndiyo. Alisema mwenye kadi aandike malalamiko, na polisi wapewe, na kwamba mtu akiandika ile namba mwenyewe benki huwa wagumu. Meseji zote za Larisa ninazo, sikuzifuta. Nimezinakili kwa mkono pia, ziko ndani ya bahasha hii, kurasa sita. Usizisome mbele ya watu.

Sasa la Mjomba Ghenadie. Mimi sikusema ameiba. Niliandika tu kwamba pakiti ilikunjwa. Nilijua unatafuta mtu, nikakusogezea. Nilipoandika mstari ule nilihisi nafuu, na nafuu ile naikumbuka kila Jumanne akinifutia barafu ngazini kwa buti lake ili Bibi asiteleze. Alipouliza kuhusu pakiti ya tambi iliyozidi kwenye orodha, alikuwa na wasiwasi kweli. Alitoa pochi akataka kumlipa Bibi ile tambi ambayo haikuwepo.

Ile Jumanne uliyouliza, nilikupigia kukuambia haya. Ukaita halo, halo, halo, na mimi nikakuuliza kama huko mvua inanyesha. Ukasema jua linawaka. Nikasema sawa.

Barua hii haiendi kwenye maharage. Sijaishona wala sijabandika bahasha. Nimeamua nitampa Mjomba Ghenadie mkononi, nimwambie aisome yeye kwanza, kisha akupe wewe kabla hajafungua milango ya basi. Nimejizoeza maneno tangu asubuhi mbele ya kabati. "Mjomba, hii inakuhusu wewe." Ni maneno manne tu. Hata mimi nitayaweza. Akiisha kusoma, kama hataki tena kubeba vitu vyetu, nitaelewa. Lakini nadhani hii ataibeba.

Kisha nitamwambia Bibi. Kliniki nimeshawaandikia kwamba tarehe 16 hatuji. Atauliza daktari bado ana mafua? Hapo sijajua nitasema nini, zaidi ya ukweli.

Na koti nimelivaa. Nimekaa nalo hapa mezani tangu nianze kuandika, si kwa ajili yako, jikoni ni baridi. Mikono ni mirefu mno, umeuliza, ndiyo, inafunika vidole. Harufu imebaki kidogo. Kuku wamesaidia.

Gari lake limesimama. Nasikia buti zinakung'utwa theluji kwenye kizingiti, na Bibi anamkaribisha, anamwambia pai iko motoni, na sasa ndala zake zinaburuzika kwenye korido, mkono wake unapapasa ukuta, anakuja kuniita, na buti zinamfuata. Hawezi kusoma hata herufi moja ya hapa, Mama. Ukurasa mzima kwake ni ukungu. Na bado nitaukunja sasa hivi na kuusukuma ndani ya mkono wa koti, utaingia wote na bahasha yake, nitautoa wakifika mlangoni, nimpe Mjomba.